Bustani ya nyumbani msimu wa kaskazi: kazi za kufanya kuanzia Desemba hadi masika

Siku moja ya Februari, saa nane mchana, chomeka kidole kwenye mchanga mtupu wa uani kwako. Utakitoa haraka kwa moto. Sasa sogea hatua mbili, inua majani makavu yaliyolala chini ya mpapai, uchomeke tena. Utakuta ubaridi, unyevu kidogo, na ukifukua huenda ukamkuta nyungunyungu anajiendea zake. Jua ni lilelile na udongo ni uleule. Tofauti ni kwamba huku udongo umevaa, kule uko uchi.

Karibu kila kazi ya bustani wakati wa kaskazi inatoka kwenye jambo hilo. Wengi wetu pwani tunaiacha bustani ifie mbali mvua za vuli zikikatika, tunangoja masika, kisha mwezi Machi tunaanza upya na magugu. Hakuna haja. Kuna mboga na maua yanayolipenda joto hili, na kuna kazi ambazo zisipofanyika sasa masika hayatakufaa kitu.

Mwongozo huu ni wa Dar es Salaam, Pwani, Tanga na Unguja, ambako jua kali hukaa kati ya vuli na masika. Mombasa na Kilifi mnaweza kuufuata, ila mvua kubwa kwenu huchelewa kidogo. Ndugu zetu wa Lindi na Mtwara, Januari na Februari ndiyo mvua yenyewe kwenu, kwa hiyo yageuzeni haya kwa miezi yenu ya ukame.

Mwisho wa Desemba: amua nani abaki

Pita tuta kwa tuta na kikapu mkononi. Chainizi, kabichi, karoti na saladi zilizokua na vuli, zivune mle. Zikikaa hadi katikati ya Januari zitakuwa chungu na zitapandisha shina la maua. Mwaka mmoja nilipandikiza miche sitini ya chainizi wiki ya kwanza ya Januari, juani, bila kivuli. Niliimwagilia asubuhi na jioni bila kukosa. Kabla mwezi haujaisha, zaidi ya nusu ilikuwa imetoa maua ya njano kwenye vishina vyembamba na majani yake hayaliki. Maji hayakupungua hata siku moja, ila zao lile halikuwa la msimu ule.

Nyanya nazo zina shida yake. Mti unaweza kuwa mzuri wa kijani na maua tele, lakini maua yanapukutika bila kushika tunda. Sababu kubwa ni joto la usiku. Nyanya nyingi hushindwa kushika tunda usiku ukikaa juu ya nyuzi 22 hadi 24 za Selsiasi, na Dar es Salaam mwezi Februari ni nadra usiku kushuka chini ya hapo. Kama una miche iliyokwisha kushika matunda, itunze. Ila usianze kitalu kipya cha nyanya Januari, mbegu hizo ziweke hadi masika yakikaribia kuisha, miche iingie shambani na kipupwe.

Wanaobaki, na wanaoweza hata kuanza sasa, ni hawa: bamia, biringanya, nyanya chungu, pilipili, kunde, mlenda, mchicha, matembele na maboga ya kula majani. Biringanya lililochoka usiling'oe. Likate libaki na shina la urefu wa sentimeta 30 hivi, lipe samadi na maji, na litachipua upya.

Matuta ya kuzama

Wakati wa masika tunainua matuta ili maji yatoke. Kiangazi tunafanya kinyume chake: tuta linashuka chini ya njia ili kila tone liingie na likae. Wataalamu wa kilimo huyaita matuta mbonyeo.

1. Pima upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Urefu ni wako.
2. Ondoa udongo wa juu kina cha sentimeta 20, uweke upande mmoja.
3. Tifua chini yake kwa jembe au uma. Kwenye mchanga wa pwani, tandika hapo makumbi ya nazi yaliyolowekwa usiku kucha, upande wa shimo ukiangalia juu kama bakuli. Kumbi hushika maji muda mrefu na kuyatoa polepole.
4. Changanya udongo ulioutoa na samadi iliyooza, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba. Samadi ya kuku ikiwa mbichi itaunguza mizizi, iache kwanza miezi miwili ioze.
5. Rudisha mchanganyiko, lakini uso wa tuta ubaki sentimeta 10 chini ya njia. Udongo utakaozidi uweke pembezoni kama kingo.

Mwagilia tuta tupu siku mbili kabla ya kupanda. Kupanda kwenye udongo mkavu halafu kufukuzana na ndoo ni kuitesa miche.

Uvishe udongo

Ukipanda tu, tandaza. Nyasi kavu zisizo na mbegu, pumba za mpunga, majani ya mwembe au mkorosho yaliyokauka, chochote kilichokuwa mmea. Unene wa sentimeta 5 unatosha kwa miche midogo, 10 kwa bamia na biringanya. Acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina, maana matandazo yakigusa shina huleta uozo, na pia yanakuwa daraja la mchwa. Mchwa wa kiangazi hutafuta kitu kikavu cha kula, na wakikosa nafasi ya kujificha karibu na shina, mara nyingi huishia kwenye majani makavu tu. Funua kidogo kila wiki uangalie.

Majani ya mwembe tunayofagia kila asubuhi na kuyachoma moto ndiyo matandazo yenyewe. Inaniuma kuona moshi mtaani alfajiri, halafu jioni mtu huyohuyo anabeba madumu kumwagilia mchanga mtupu.

Maji: kiasi, saa na namna

Katika joto hili, tuta lililojaa mboga hupoteza karibu lita 5 hadi 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la mita moja kwa nne linataka ndoo moja ya lita 20 na kidogo zaidi. Ni hesabu ya kuanzia tu. Chimba kwa kidole kina cha sentimeta 10 pembeni ya mmea, ukikuta unyevu, leo pumzika. Tuta lenye matandazo mazuri na mimea iliyokomaa linaweza kuruka siku. Kitalu na miche iliyopandikizwa juzi haviruki, na kwenye mchanga hupewa maji mara mbili kwa siku, kidogokidogo.

Saa nzuri ni kati ya saa 12 na saa 1 na nusu asubuhi, kabla jua halijachukua chake. Ukishindwa, mwagilia jioni, lakini peleka maji kwenye shina na si juu ya majani. Majani yanayolala maji usiku kucha hukaribisha ukungu.

Kuna jambo linalowadanganya wengi. Majani ya maboga hunywea saa saba mchana hata udongo ukiwa na maji, kwa sababu yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyapandisha. Usikimbilie ndoo. Yaangalie tena saa 12 jioni. Yakiwa yamesimama, hayakuwa na kiu. Mmea ulionywea alfajiri ndio wenye shida.

Kama maji ni ya kununua au ya mgao, zika chungu. Tafuta chungu cha udongo cha kawaida, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, cha lita 5 hivi. Kizike mpaka shingoni, panda miche kukizunguka umbali wa kiganja kimoja au viwili, jaza maji, funika. Maji yanapenya ukuta wa chungu kadiri udongo unavyokauka, na mizizi inayafuata. Utajaza tena baada ya siku mbili hadi nne. Kwa hoho na nyanya chungu sijaona njia inayookoa maji kuliko hii.

Kifuniko cha chungu, pipa na tangi si pambo. Mbu anayeeneza homa ya dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama kuzunguka nyumba, na Dar es Salaam imepata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Sahani za chini ya vyungu vya maua nazo zimwage na kuzisugua walau mara moja kwa wiki, kwa sababu mayai yake hung'ang'ania ukutani.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende kwenye matuta. Ya sabuni ya vyombo yapeleke kwenye mgomba, si kwenye mchicha. Yenye dawa ya kung'arisha nguo usiyapeleke bustanini kabisa.

Halafu kuna chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na kiangazi huzidi kwa sababu mvua haijazi tena maji matamu juu yake. Dalili zake ni ncha na kingo za majani kuungua kama zimepitishwa motoni, na ukoko mweupe juu ya udongo. Maharage, karoti na vitunguu huumia mapema. Spinachi huvumilia vizuri. Kama huna maji mengine, mwagilia kwenye shina tu, ongeza samadi na matandazo, na ukipata maji matamu hata mara moja kwa wiki, limwagilie tuta kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Kivuli na kitalu

Miche inataka mwanga bila jua la saa sita. Simika nguzo nne, tandaza fito juu kimo cha mita moja, funika kwa makuti yaliyoachana kidogo ili jua liingie kwa madoa. Kichanja kielekee mashariki: jua la asubuhi liingie, la alasiri lizuiwe. Neti ya kivuli inafaa pia, ila isiwe nzito kupita kiasi, miche itarefuka kama uzi.

Wiki moja kabla ya kupandikiza, punguza makuti kila siku mbili ili miche izoee. Pandikiza jioni baada ya saa 11, na kila mche uweke kijiti cha jani upande wa magharibi kwa siku nne za kwanza.

Januari: cha kupanda

Bamia ni mfalme wa msimu huu. Loweka mbegu usiku mmoja, panda mbili kwenye kila shimo, sentimeta 30 kati ya mashimo na 60 kati ya mistari, kisha bakiza mche mmoja. Baada ya siku 50 hadi 60 unaanza kuchuma. Chuma kila baada ya siku mbili, hata kama huna mpango wa kupika, kwa sababu bamia likizeeka mtini mti unaona kazi yake imekwisha na unaacha kuzaa. Vaa mikono mirefu, vile vinyweleo huwasha.

Matembele hayataki mbegu. Kata vipande vya sentimeta 30, fukia vifundo viwili au vitatu, mwagilia siku kumi za mwanzo, na utakula mpaka uwagawie majirani. Yanatandaa na kuufunika udongo yenyewe, kwa hiyo yapande pia kati ya mistari ya bamia.

Mchicha usiumwage wote siku moja. Sia mita moja kila baada ya wiki mbili, maana kwenye joto unakomaa ndani ya wiki tatu hadi nne, na ukipata kiu hutoa mbegu upesi.

Kwa maboga, kama unataka matunda na si majani tu, huenda ukalazimika kuwasaidia nyuki. Ua dume lina kikonyo kirefu kitupu, ua jike lina kiboga kidogo nyuma yake. Kabla ya saa 3 asubuhi chuma dume, ondoa petali zake, upake chavua katikati ya jike. Mchana maua yameshajifunga na nafasi imepita.

Utitiri na wenzake

Adui mkubwa wa kiangazi ni mdogo kiasi kwamba watu hutibu ugonjwa ambao haupo. Jani la biringanya linaanza kuwa na vidoa vyeupe kama limechomwachomwa na sindano, kisha linageuka rangi ya shaba. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge mara tatu, subiri. Vumbi likianza kutembea, huo ni utitiri mwekundu. Ukiupitishia kidole juu ya karatasi unaacha mstari mwekundu. Ukichelewa utaona utando mwembamba kama wa buibui, na kwa kweli ni jamaa wa buibui: ana miguu minane, si mdudu. Ndiyo maana dawa nyingi za wadudu hazimfanyi kitu, zinaua tu wale wanaomla, na baada ya wiki yuko mara mbili.

Anachokichukia ni maji. Asubuhi tatu mfululizo, piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani kwa mpira au bomba la mkono. Kata majani yaliyoharibika sana uyatoe bustanini. Wakibaki, changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, jaribu kwanza kwenye majani mawili, na kesho yake kama hayakuungua nyunyiza mmea mzima jioni. Mmea wenye kiu ndio anaoushambulia zaidi, kwa hiyo chungu na matandazo nayo ni dawa.

Kwa vidukari na inzi weupe, mwarobaini unatosha. Twanga mbegu kavu, gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni siku hiyohiyo. Jua huua nguvu yake, ndiyo sababu inayopigwa asubuhi haifanyi kazi. Rudia baada ya siku 5 hadi 7. Kama nyanya zako zina michirizi myeupe kwenye majani na matundu kwenye matunda, huyo ni kantangaze, kiwavi wa nondo anayeshambulia nyanya, aliyeingia nchini mwaka 2014. Ng'oa mmea wote, ufungie kwenye mfuko mweusi uuache juani.

Maua

Asumini ikipata maji, huu ndio wakati wake. Bibi jirani yangu, mzaliwa wa Tanga, aliniona siku moja nachuma asubuhi maua yaliyokwisha kufunguka. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanivuta mkono hadi kwenye kichaka chake. "Mwanangu, hayo yameshampa usiku harufu yake. Chuma matumba, alasiri, yale meupe yaliyovimba lakini hayajacheka." Yakichumwa hivyo na kufungwa kwenye kikuba pamoja na mrehani, hufunguka baada ya magharibi, mvaaji akiwa nayo kifuani. Awamu moja ya maua ikiisha, punguza theluthi ya matawi na uweke samadi. Asumini huchanua kwenye chipukizi jipya, usipoikata inakuwa kichaka cha mbao.

Waridi usilikate sana kiangazi, halina nguvu ya kujirudisha. Toa tu ua lililonyauka, ukikata juu ya jani lenye vijani vitano, na maji yaende chini. Ukataji mkubwa usubiri joto lipungue.

Bogenvilia ni kinyume cha wote. Iliyokomaa ardhini ipe maji mara moja kwa wiki au hata pungufu. Ukiibembeleza kwa maji itakupa majani matupu. Ile rangi tunayoisifia si petali bali ni majani yaliyozunguka ua lenyewe, dogo, jeupe. Maua ya kwenye makopo na ndoo nyeusi, yasogeze mahali penye kivuli baada ya saa 5, kwa sababu kopo likishika moto mizizi inachemka.

Februari: kwa ajili ya masika

Kuna tuta moja tu ninaloliacha juani kwa makusudi, lile ambalo mizizi yake niliikuta na vifundo vya minyoo fundo. Ling'olewe kila kitu, lilainishwe, limwagiliwe mpaka lilowe, kisha lifunikwe kwa nailoni angavu, si nyeusi, iliyobana udongo na kufukiwa kingo zote. Liache wiki 4 hadi 6. Joto linalojaa chini yake hupunguza sana minyoo, vijidudu vya mnyauko na mbegu za magugu, bila dawa yoyote.

Mboji uliyoianza Desemba sasa ipindue. Kiangazi lundo haliozi kwa sababu limekauka. Kamata konzi moja uikamue: itoe tone moja au mawili. Isipotoa, mwagilia huku ukipindua, funika kwa makuti, rudia baada ya wiki mbili.

Mbegu pia ni za kuvuna sasa, jua linasaidia. Chagua mti bora wa bamia ungali na nguvu, uache maganda matatu au manne yakauke mtini mpaka yakitikiswa yanalia. Mchicha kata masuke, sugua kwenye ungo, peta. Malizia kukausha kivulini siku chache, weka kwenye chupa kavu pamoja na majivu yaliyochekechwa, andika jina na mwezi.

Wiki za mwisho, fuatilia utabiri wa masika unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, zibua mifereji, na panga upya matuta: mbonyeo lililokuokoa Januari litakuwa bwawa mwezi Aprili. Anza na lile lililo bondeni kabisa. Vuta udongo wa kingo uliouweka pembeni, urudishe ndani pamoja na mboji mpya, liinuke kiganja kimoja juu ya njia. Matembele yaliyotandaa yakate vipande, upande palipo juu. Mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha, usimwage mbegu zote, mara nyingi inafuatiwa na siku kumi za jua. Chimba kwanza. Unyevu ukiwa umefika chini ya urefu wa kiganja, sia nusu, na nusu ya pili uisie wiki inayofuata.